Neno "Sina" katika wasifukazi wa karani wa mizani

Katika wasifukazi, yaani hati fupi inayomweleza mwajiri mtu amesoma nini na amefanya kazi gani, ambayo mitaani huitwa CV, hakuna uamuzi unaomgharimu mwombaji kuliko kuandika "Sina" mbele ya kipengele cha uzoefu wa kazi ilhali kazi ameifanya. Uamuzi huo ni kosa, tena ni kosa la ufundi wa uandishi kabla ya kuwa suala la haya au la kutojiamini, kwa sababu unamnyima msomaji wa hati ile taarifa pekee ambayo vyeti haviwezi kumpa. Mfano wake ni ule ambao kila aliyewahi kupanga foleni kwenye steshenari za Korogwe ameuona ukitoka kwenye printa: kijana wa Vugiri, katika milima ya Usambara, mwenye cheti cha kidato cha nne na astashahada ya utawala, anayeomba nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la Tatu, na ambaye kwa misimu miwili alisimama nyuma ya mizani kwenye kituo cha kununulia majani mabichi ya chai. Misimu hiyo miwili haimo kabisa katika hati yake.

Mengine katika hati hiyo yamefanywa vizuri: tarehe hazipingani, majina yanalingana na ya vyetini, herufi zinasomeka na kurasa hazizidi mbili.

Ili uzito wa kosa lenyewe uonekane, inafaa kwanza kueleza karani wa mizani ni nani, kwa kuwa watu wa bondeni, wanaoijua chai ikiwa kikombeni, huenda wakamdhania kuwa mtu wa kubebesha magunia. Karani wa mizani ndiye anayesimama kati ya mkulima na kiwanda. Mkulima hufika na kapu la majani aliyoyachuma kwa kanuni ya majani mawili na chipukizi, yaani ncha laini ya tawi ambayo haijakomaa, na karani huingiza mkono ndani ya kapu kutazama kama majani makomavu yamefichwa chini. Kisha huhakikisha mizani imesimama kwenye sifuri, hupima, hutoa uzito wa gunia au wa kapu, na kuandika kilo zilizobaki mara mbili, kwenye daftari la kituo na kwenye kitabu cha mkulima, huku mkulima akitazama kwa jicho lisilopepesa. Jioni gari likija, hujumlisha safu yote, na jumla yake hukutana na ile ya mizani ya kiwandani, ambayo mara nyingi huwa pungufu, kwa sababu majani mabichi hupoteza maji njiani. Ni juu yake kueleza upungufu huo mbele ya watu ambao kilo moja kwao ni ada ya mtoto. Akikosea hesabu, ugomvi unaanza palepale, na akipatia msimu mzima, wakulima wanaendelea kumletea majani yao.

Sasa na lichukuliwe tangazo la nafasi ya Mtendaji wa Kijiji, ambalo halmashauri za wilaya nchini hulitoa kwa maneno yanayofanana mno. Tangazo hilo hudai elimu ya kidato cha nne au cha sita pamoja na mafunzo ya astashahada katika fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa kilichopo Hombolo, Dodoma, au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Baada ya sifa hizo huorodhesha majukumu, na majukumu hayo ndiyo waombaji huyapita mbio wakitafuta tarehe ya mwisho: kukusanya na kuhifadhi kumbukumbu za kijiji, kuandaa taarifa za utekelezaji, kuwa katibu wa mikutano ya Halmashauri ya Kijiji, kupokea na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi. Anayeijua kazi ya mizani ataona mara moja kwamba angalau majukumu matatu kati ya haya yamefanyika Vugiri, kwa kalamu na daftari, kabla mwombaji hajaitwa mtendaji. Alitunza kumbukumbu zilizohusu fedha za watu, alitoa hesabu kwa mamlaka iliyo juu yake, na alisuluhisha malalamiko ya kilo na wenye malalamiko wakiwa mbele yake. Karani ambaye hakuthubutu hata siku moja kumwandikia mkulima sifuri na kapu limejaa, amejiandikia sifuri mwenyewe.

Sababu za uamuzi huo ni tatu, na zote zinaweza kuelezwa bila kumlaumu kijana. Ya kwanza ni maana finyu iliyopewa neno uzoefu. Kiolezo cha steshenari, yaani nakala ya hati ya mtu mwingine ambayo mwendesha kompyuta hufuta jina la zamani na kuandika jipya, kina safu tatu chini ya kipengele hicho, moja ya jina la mwajiri, moja ya cheo na moja ya muda wa mkataba. Aliyelipwa kwa wiki na chama cha wakulima, bila barua ya ajira, hutazama safu hizo akaona hazimhusu. Ya pili ni fikra kwamba shule ilikuwepo ili kumtoa mtu shambani, na kwa hiyo kulitaja shamba katika hati ya kuomba kazi ya ofisini ni kukiri kwamba hajatoka. Ya tatu ina mizizi ya ndani zaidi katika historia ya Usambara na bonde la Korogwe, nayo ni mazoea ya kudhani kwamba hati ya kazi hutolewa na mwenye mamlaka na kwamba mfanyakazi mwenyewe hana la kuandika juu ya alichokifanya.

Mazoea hayo yana umri mrefu. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, utawala wa Kijerumani ulianzisha kadi iliyomlazimu mwanamume kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwenye mashamba ya walowezi, na Usambara ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo nchini ambako kazi ya mtu ilihesabiwa kwa alama kwenye karatasi. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya bonde la Korogwe na Tanga nzima, kipande, yaani kadi ya siku 30 iliyowekwa alama kila siku ya kazi, kikawa ndicho kipimo cha mfanyakazi: kikijaa analipwa, kisipojaa anasubiri. Kipande kilisema mtu alikuwepo siku ngapi na hakikusema hata neno moja juu ya ustadi wake, ingawa kila msimamizi alijua kwamba mkata mkonge hodari na mzembe hawalingani. Wasifukazi wa steshenari umerithi tabia hiyohiyo: shule ya msingi kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, sekondari kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, chuo vivyo hivyo, kila mstari ukiwa alama ya kuhudhuria, na mtu mwenyewe akiwa hayupo.

Enzi ya uhakiki wa vyeti ilizidisha hali hiyo. Aprili 28, 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma ripoti iliyowataja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, nchi nzima ilijifunza somo la haki kabisa, kwamba cheti ni kitu cha kuaminiwa au kufungiwa mlango. Lakini pembeni ya somo hilo likakua lingine lisilo sahihi, kwamba kisichokuwa na muhuri si kweli, na kwa hiyo hakistahili kuandikwa. Tangu hapo wasifukazi wa vijana wengi umekuwa jalada la kufungia vyeti, hati isiyoongeza lolote ambalo mwajiri hatalikuta kwenye viambatisho, na hati isiyoongeza kitu haina sababu ya kusomwa.

Kuna hoja ya upande wa pili inayostahili kujibiwa. Husemwa kwamba katika ajira za umma mchujo wa kwanza, yaani hatua ya kuwapunguza waombaji kabla ya usaili, hutazama sifa zilizotajwa katika muundo wa kada husika, na kwamba kwa nafasi ya kuanzia hakuna anayeulizwa uzoefu. Ni kweli kwamba asiye na cheti kinachotakiwa hataokolewa na kilo za chai. Ila hoja hiyo inasahau idadi ya wanaobaki baada ya vyeti kutazamwa. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walikalishwa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato Tanzania ziliombwa na watu zaidi ya 135,000. Wengi wa watu hao walikuwa na vyeti vinavyofanana, na palipo na maelfu ya vyeti vinavyofanana, cheti hakimtofautishi mtu na mwenzake. Zaidi ya hayo, mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma wenyewe una sehemu ya kujaza uzoefu wa kazi, na anayeiacha tupu hufika kwenye usaili wa mahojiano, ambako watu huulizwa wamewahi kufanya nini, akiwa hana kumbukumbu aliyoiandaa. Na waajiri binafsi, ambao ndio wengi wanaoajiri Korogwe na Tanga, hawafungwi na muundo wa kada yoyote: mwenye ghala anatafuta mtu anayejua kupima na kuandika.

Marekebisho yenyewe ni ya mistari michache. Palipoandikwa "Sina", paandikwe cheo, mahali na muda: karani wa mizani, kituo cha kununulia majani ya chai, Vugiri, kuanzia mwezi na mwaka gani hadi mwezi na mwaka gani. Chini yake paandikwe vitendo, kila kimoja kikianza na kitenzi na kubeba idadi inayotoka daftarini: alipima na kuandikisha majani ya wakulima wangapi kwa siku ya kununua, alilinganisha jumla ya kituo na hati ya mapokezi ya kiwanda kila gari lilipoondoka, alipokea malalamiko ya uzito na kupima upya mbele ya mkulima. Wakulima wakiwa 40 paandikwe 40, kwa kuwa "wengi" hailinganishwi na chochote na msomaji hawezi kuiulizia. Kitenzi kinachofaa ni kile kinachoonyesha mkono ukifanya kazi, kama kupima, kulinganisha, kusuluhisha na kuandikisha. Maneno kama mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma yaachwe, kwa sababu hata mvivu huyaandika, na kwa sababu uaminifu wa karani wa mizani umekwisha kusemwa na misimu miwili ambayo wakulima waliendelea kuleta makapu yao kwake.

Mistari hiyo ihamie ukurasa wa kwanza, na hapa ndipo linapojitokeza tatizo la zamani ambalo safu za uchambuzi wa aina hii hazitaacha kulisema hadi lisikike. Ukurasa wa kwanza wa hati ya mfano umejaa jinsi, mahali pa kuzaliwa, kabila, dini, hali ya ndoa na urefu wa mwombaji. Chanzo chake ni usemi uliozoeleka katika matangazo ya ajira, unaomtaka mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza. Waombaji husikia neno "binafsi" wakadhani wanatakiwa kutaja kila linalohusu nafsi zao, ilhali kinachotakiwa kijitosheleze ni maelezo ya elimu, ya kazi na ya namna ya kumpata mwombaji. Neno wasifu lingewaongoza vizuri zaidi, maana ni ndugu wa neno sifa, na kumwandika mtu wasifu ni kueleza sifa zake zinazofanya atambulikane. Kabila na hali ya ndoa hazimtambulishi mtendaji bora. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya kabila, dini, jinsi au hali ya ndoa, na kinga hiyo inamhusu pia mwombaji wa kazi. Hakuna busara ya kumpelekea mwajiri katika mistari ya juu kabisa mambo ambayo sheria inamtaka asiyatumie kuamua. Jina, anwani inayofanya kazi, namba ya simu inayopatikana na baruapepe vinatosha, na mwajiri mwenye haja halali ya taarifa nyingine ataziomba kwenye fomu yake.

Kipengele cha mambo ayapendayo mwombaji, ambacho kila mara husema kusoma vitabu, kutazama mpira na kusafiri, kifutwe chote. Wadhamini, yaani watu watatu wanaotajwa ili mwajiri awaulize habari za mwombaji, wachaguliwe kwa kuijua kazi yake na si kwa ukubwa wa vyeo vyao: diwani aliyemwona kijana mara mbili mkutanoni atajibu kwamba anaifahamu familia yake, lakini katibu wa chama cha wakulima aliyekagua daftari lake kila jioni atajibu kwamba hesabu zake zilikuwa safi. Kila tangazo liandikiwe hati yake, kwa kupanga upya vitendo vilevile kufuata majukumu yaliyotangazwa, kwa sababu anayetuma hati moja kwa kila mwajiri anamwachia kila mwajiri kazi ya kutafuta kinachomhusu. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kutumika, mwombaji aelewe kwamba hati yake yenye namba ya kitambulisho cha taifa, ikibaki kwenye kompyuta ya steshenari ili iwe kiolezo cha mteja ajaye, ni taarifa yake iliyoachwa barazani. Ahamishe faili lake kisha aombe lifutwe.

Mkoa wa Tanga haukupaswa kuwa na uhaba wa mfano mwema katika sanaa hii, maana umezaa bingwa wake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944 kabla ya kuhamia idara nyingine za serikali, na miaka yake ya ukarani haikumzuia kuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha hii. Katika Wasifu wa Siti binti Saad alichukua maisha ya mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu, ambaye hakupata elimu ya shule na hakuwa na karatasi yoyote ya kumtetea, na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri zilizoisambaza sauti yake pwani nzima. Mtu wa namna hiyo, kwa kanuni ya kiolezo cha leo, angeandikiwa elimu: hakuna, uzoefu: hakuna. Shaaban Robert alifanya kinyume: aliyapa nafasi matendo, na hakuona kwamba asili ya chini ni jambo la kufichwa. Waandishi wa wasifukazi wa leo wana kompyuta ambazo yeye hakuwa nazo, lakini jicho lake la kujua lipi liandikwe na lipi liachwe halijafikiwa, na vyuo vinavyofundisha stadi za mawasiliano vingefanya vyema kuanzia kwake kabla ya kugawa violezo vilivyochukuliwa mitandaoni.

Wapo watakaohofia kwamba kuruhusu kazi zisizo na mkataba kuingia katika wasifukazi kutafungua mlango wa uongo. Hofu hiyo ina msingi, kwani taarifa za kughushi ni kosa la kisheria na matangazo yote ya ajira za umma huonya hivyo, na anayejiita meneja wa kituo ilhali alikuwa karani amejitega mwenyewe kwa swali la kwanza la usaili. Lakini dawa ya uongo ni ushahidi, na ushahidi wa kazi ya mizani upo. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004, katika kifungu cha 44, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma, yaani karatasi inayothibitisha kwamba alikuwa mwajiriwa wake na kwa kipindi gani. Hati hiyo haihitaji kusubiri mwombaji aone tangazo la kazi, na ikisubiriwa mno viongozi wa chama hubadilika na madaftari ya msimu huliwa na mchwa. Kijana anayemaliza msimu wake wa mwisho kwenye mizani aiombe wiki ileile, pamoja na ruhusa ya kumtaja katibu kuwa mdhamini, na kabla ya kukabidhi daftari anakili idadi ya wakulima aliowahudumia na jumla ya kilo alizopokea. Akishuka Korogwe kuandikiwa wasifukazi, na mwendesha kompyuta akamuuliza kipengele cha uzoefu kijazwe nini, awe na la kumsomea.